Kitanda cha Mgeni

12 Novemba 1984

Mwanangu fundi,

Nakusalimu kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto umemshika mtu asianguke. Huku hatujambo kwa kiasi chetu. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoziba. Jirani yangu wa mlango wa pili kapata mjukuu wa tatu na tangu hapo hatupumui kwa habari zake. Mchungaji wetu wa zamani kahamishwa, kaletwa mwingine mwenye viatu vinavyolia, akikaribia madhabahu hata waliosinzia wanajua. Wote wanakusalimu, na wote wanauliza utakuja lini. Nimechoka kuwatungia majibu.

Kitanda kimefika. Dereva wa lori alikishusha mlangoni, na wateja wangu waliokuja kupimwa sare za watoto wao wakakizunguka, wakavipapasa viungo vyake, wakasema hakuna hata panapokwaruza kidole. Nikajivuna. Nikasema huyu ni mtoto wa kaka yangu, akiunga chuma hujui kilipoungwa. Basi nikatandika, nikamlaza mwanao, mwenye kitanda, mbele yao. Kichwa kikagota chuma cha huku, miguu ikapanda juu ya chuma cha kule. Akabaki amejikunja, ananitazama.

Nilicheka, halafu kicheko kikaniisha. Mwanangu, ulimpima lini? Umemwona mara moja tu, siku tuliyomzika mama yake. Nilikupa umshike, ukamlaza juu ya mkono wako, kichwa kiganjani, miguu kwenye kiwiko, kisha ukanirudishia na jioni ile ukapanda basi. Hicho kitanda ni urefu wa mkono wako. Uliondoka na kipimo cha siku ile, na kwako wewe mtoto hajakua hata ukucha. Sasa anasimama kwa kushika meza ya cherehani na kunivutia vitambaa chini.

Bado tunamwita Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeshampa: kazi yake ni kuokota vifungo vilivyoanguka, na nusu yake anavila. Lakini hana jina, na bila jina mchungaji hawezi kumbatiza. Katika nyumba yetu baba ndiye anayelitamka jina la mtoto. Baba yako alilitamka lako mwenyewe, akiwa na homa, ameegemea ukuta. Kwa hiyo nangoja.

Shangazi yako

*

20 Desemba 1984

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa posta kwa sababu mtu wa karakana anayetuchukulia barua alikuwa likizo. Mimi ni mzima. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, na ukuta huo umepakwa rangi upya, kwa hiyo hata mandhari nimepata. Mpe jirani pongezi za mjukuu. Paa la jikoni, mwambie yeyote atakayepanda asizibe kwa lami, aondoe kwanza ule msumari wenye kutu.

Kazi ni nyingi. Tunatengeneza matangi ya maji, makubwa, mtu anasimama ndani na mkono ukinyooshwa haufiki juu. Kwa nje anaweza kuchomelea yeyote, ila ndani tunaingia wachache. Unaingia kwa tundu la juu na kamba kiunoni, unavaa kioo, na ukianza kuchoma moshi hauna pa kwenda. Mwenzako anakaa nje juu ya ngazi, ameishika kamba. Kila baada ya kitambo unagonga bati mara mbili kwa nyundo, naye anagonga mara mbili. Maana yake ni nipo. Asipokusikia ukigonga, anakuvuta.

Mwenzangu ni mzee mmoja tunamwita Kimya. Tunakula pamoja mwaka mzima huu na sijui kama ana mke. Wenzetu wanamtania kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, wanangoja huo mshindo mpaka wamekata tamaa. Napenda kufanya naye kazi. Haniulizi kitu.

Kuhusu kitanda, nisamehe, nitakirefusha. Nitumie vipimo, urefu na upana, hata kwa uzi wenye mafundo. Krismasi njema kwenu. Ila nakuomba, Shangazi, habari za mchungaji na kanisa usiniandikie tena.

Wako

*

25 Januari 1985

Mwanangu,

Marahaba. Krismasi imepita salama. Kwaya iliimba bila sauti ya mkeo, na mahali pake kwenye mstari waliacha wazi, hakuna aliyewaambia. Umesema nisiandike habari za kanisa. Hizo ni habari za mkeo.

Msumari umetolewa, paa halivuji tena, na aliyepanda anakushukuru.

Vipimo sikutumii. Mimi ni fundi cherehani, nimepima watoto wa mtaa huu mpaka wao wakaniletea wa kwao, siwezi kushindwa kumpima huyu anayelala kifuani kwangu. Sitaki tu. Nikikupa uzi utatengeneza kitanda kizuri, utakituma kwa lori, na uzi huo utakutosha mwaka mwingine. Tepu ninayo ukutani. Njoo umpime mwenyewe.

Mgeni ametimiza mwaka. Siku hiyo mimi na jirani hatukujua tufurahi au tulie, maana tarehe ni hiyohiyo moja. Tukapika, tukala, tukaenda makaburini, tukarudi. Yeye alipata njia yake ya kusherehekea: aliachia meza ya cherehani akatembea mpaka mlangoni, akakaa chini, akajishangilia.

Cherehani nimempa jirani aendeshe kwa sasa. Miguu inanivimba kidogo, ni joto.

Sasa neno lililonifanya nikae kuandika. Kuna mwalimu hapa wa shule ya msingi na mke wake, watu wa kanisani kwetu, wapole, Mungu hajawajalia mtoto. Wamekuwa wakija kumwona Mgeni kila Jumapili, na sasa wamekuja rasmi, wamevaa vizuri, wakaketi ukingoni mwa kiti kama watu wanaoogopa kukichafua. Wanaomba wamlee awe wao kabisa. Mtoto ana baba. Lakini mimi si kijana, na kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nimewaambia wangoje mpaka Pasaka. Usipokuja kumchukua, nitawakabidhi, nao watampa jina. Usiseme hukuambiwa.

Shangazi yako

*

3 Machi 1985

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima.

Wape.

Mwalimu ana nyumba, ana mke. Mimi nina dirisha linalotazama ukuta. Ungekuwa unampima mtoto nguo ungechagua ipi?

Nitakwambia jambo moja ili usinilaumu kwa lisilo langu. Siku ile pale wodini walinitoa nje, nikasimama kwenye korido penye benchi la bluu. Nilipiga magoti, Shangazi, mbele ya watu na ndoo ya kudekia. Nilisali ile sala aliyotufundisha Bwana, taratibu, neno kwa neno, na niliiamini yote. Nilikuwa na hakika kama ninavyokuwa na hakika ya kiungo nilichokichoma mwenyewe. Nilipofika pale pa mapenzi yake kutimizwa, mlango ukafunguliwa. Muuguzi alivua tu glavu.

Sijamaliza ile sala tangu siku hiyo. Nikianza sauti inakwama palepale. Kwa hiyo nimeacha kuanza. Mtoto anayelelewa na mwalimu atafundishwa kusali na mtu anayeweza kufika mwisho.

Wako

*

20 Machi 1985

Mwanangu,

Salamu za huku utazipata siku nyingine. Leo nina hasira, na nikiwa na hasira mwandiko wangu unakuwa mzuri, umeshauona.

Barua yako sijawaonyesha wale. Nimeisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro, na usiku nimelala juu yake ikanichoma kama jiwe. "Wape." Mtu akiomba chumvi unajibu hivyo.

Unadhani wewe peke yako ulikwama? Mkeo alikuwa ananiita mama. Mimi ndiye niliyemwosha. Miezi mingi baada ya hapo nilikuwa naenda kanisani kwa sababu mtoto alipenda kuimbiwa, akisikia nyimbo anaacha kulia, basi. Nilikaa pale kama gunia. Mwanamke mmoja akanishika mkono akasema Mungu ana makusudi yake, nikamwambia mama, nyamaza tu. Mungu anisamehe, na yeye pia, maana alikuja na uji siku iliyofuata.

Hakuna siku moja iliyonirudisha, usingoje nikusimulie ndoto. Ilikuwa mambo madogo. Huo uji ulikuwa wa moto. Nilikuwa nimeacha kula, nikaumaliza. Asubuhi moja nikaingiza uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu bila miwani, nikasikia mdomo wangu unasema asante, nikamtazama Mgeni nikidhani ni yeye. Nilimwambia nani asante? Si sindano. Tangu siku hiyo tunasemezana, mimi na Yeye. Namlalamikia, mwanangu, tena kwa sauti, jirani ni shahidi. Lakini simnunii. Wewe umemnunia. Mtu aliyenuna hapati hata nafasi ya kumwambia mwenzake kosa lake.

Kuhusu nguo: napima mabega ya mtoto, sipimi nyumba ya mwalimu. Mgeni ana mabega yako. Ana tabia yako ya kugeuza kitu chini juu kuona kilivyoungwa.

Pasaka ni ileile. Sitaongeza siku. Siwezi kuongeza.

Shangazi yako

*

2 Aprili 1985

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa ile niliyoikimbiza mwezi uliopita.

Ijumaa nilikuwa ndani ya tangi la mwisho la oda, nachoma mshono wa chini. Umeme ukakatika. Taa ikazima, feni inayotupulizia hewa ikazima, moshi ukabaki na mimi. Hilo hutokea. Nikagonga mara mbili, nikangoja Kimya ajibu ili nijue niende upande gani. Hakujibu. Nikagonga tena. Nikapiga bati kwa nyundo mpaka masikio yakalia.

Nilifikiri, ameondoka. Kaenda kuuliza habari za umeme, kaenda kuvuta sigara, kaniacha. Nikakaa chini. Kifua kilikuwa kinabana, na nitakwambia ukweli, sikuhangaika sana. Nikasema moyoni, haya, ndivyo ilivyo, unagonga na hakuna mtu. Nilikuwa nalijua hilo tangu kwenye korido.

Halafu nikakumbuka miguu ya mtoto juu ya chuma cha kitanda. Sijui kwa nini hiyo. Sijamwona akilala hapo, umenisimulia tu, lakini niliiona miguu yenyewe. Nikashikwa na woga mkubwa, woga wa mtu anayetaka kuishi, nikapiga kelele "Baba!" Baba yangu amekufa zamani. Nilijua namwita nani.

Hapakuwa na sauti. Ila nilipoinuka niliisikia kamba kiunoni. Ilikuwa imekaza. Kamba iliyoachwa hulegea, Shangazi, hulala sakafuni ukaikanyaga. Hii ilikuwa imenyooka kwenda juu, gizani. Nikaifuata kwa mikono, nikapanda ngazi ya ndani, nikatoka tunduni natapika.

Kimya alikuwa chini. Ngazi ya nje ilikuwa imeteleza wakati uleule taa zilipozima, akaanguka, na mkono wake wa kugongea umevunjika juu ya kiwiko, mfupa ulionekana. Sheria ya karakana ni kufunga kamba kwenye nguzo. Yeye alikuwa ameifunga kiunoni mwake. Amelala pale, amekita miguu kwenye mguu wa tangi, uso umekuwa majivu, anaikaza kwa mwili. Nikamwambia nilidhani umeondoka. Akanitazama kama anayemtazama mjinga, akasema, "Nilikuita muda wote. Bati ni nene." Kisha akasema, "Ningekwenda wapi nami nimefungwa na wewe?"

Ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kusikia kwake. Amelazwa, mkono hautanyooka tena, na kazi hiyo hataifanya. Nililia kwenye benchi la hospitali, safari hii la kijani. Sikuomba kitu. Nilisema tu, "Nipo. Na Wewe upo." Sala bado inakwama palepale, usije ukadhani nimepona. Lakini nimeacha kununa.

Hujawahi kumpa mtu cherehani yako, hata mimi ulinichapa nilipoigusa. Joto haliondoi cherehani mikononi mwa mwanamke kama wewe. Unaumwa nini?

Usiwape. Nakuja. Vyuma vya kitanda nimevikata virefu kupita kiasi na sijaviunga, nitaviunga huko nikishampima. Barua hii huenda nikaifikia kabla yako.

Mwanao

*

9 Juni 1985

Kwa baba Mgeni, nyumbani kwangu,

Salamu kutoka kitanda cha dirishani. Nimepata dirisha zuri kuliko lako, linatazama kamba za kuanikia mashuka, na kila asubuhi nawakosoa wanavyoyaanika. Chakula hakina chumvi. Daktari anasema moyo umechoka, nikamwambia hata yeye anaonekana kachoka. Mengine ni yale yale, usiniulize.

Hapa najichekea nikikumbuka ulivyofika ile Alhamisi kabla ya Pasaka na vyuma begani, na barua yako mwenyewe mkononi, umeichukua posta ulipopita, ukanipa. Nikakuketisha nikaisoma mbele yako mpaka mwisho huku wewe ukiangalia sakafu. Na Mgeni akakimbilia nyuma ya cherehani akalia kama ameona mwizi. Alikulilia siku ngapi yule! Ukampima akiwa usingizini, nami nikakushikia ncha ya tepu.

Mwalimu na mkewe walikuja kuniona. Mke alilia, mimi nikalia, kisha akaniletea mto mwingine. Usiwafungie mlango. Wawe wazazi wake wa ubatizo, wana mapenzi mengi na hawana pa kuyaweka.

Niandikie habari zake, kwanza zake ndipo zako. Anakula? Vifungo vimefichwa? Na jina, mwanangu. Nataka kulisikia kabla.

Shangazi yako

*

30 Juni 1985

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Za kwake kwanza, kama ulivyoagiza. Anakula, vifungo vimefichwa, amepata kimoja hata hivyo. Kitanda kinamtosha na bado nimeacha nafasi ya miguu kukua. Hanililii tena. Asubuhi akiamka kabla yangu anachukua kijiko anagonga chuma cha kitanda, mimi nagonga ukuta kutoka upande wa pili, ndipo anatulia. Sikumfundisha. Nadhani aliniona nikigonga nilipokuwa nakiunga.

Nimepata kazi ya mageti na madirisha hapa mtaani. Kimya kanitumia salamu kwa mkono wa mtu: neno moja, "Nipo."

Ulinitaka nimwite kwa jina la mama yake. Hukusema, lakini nilikujua. Jumapili mchungaji alipouliza, nilitamka la kwako. Viatu vyake vililia, akaniuliza mara ya pili, nikalitamka kwa sauti kanisa zima likasikia. Jirani akapiga kigelegele, mke wa mwalimu akawa amemshika mtoto, maji yakamwagika mpaka mikononi mwangu. Mama yake tutamsimulia kila siku. Wewe tutakuita kila siku.

Njoo utuambie kama limekukaa.

Mwanao

*

28 Julai 1985

Shangazi mpendwa,

Shikamoo.

Barua yangu ya Juni hukuijibu, na ya baada yake pia. Leo mwalimu karudi kutoka huko. Kasema umelala, huongei tena, na muuguzi hajui kama unasikia. Kasema barua zangu zote mbili ziko chini ya mto wako na zimefunguliwa. Amenishauri nisimlete mtoto, ataogopa.

Nimekaa nikapiga hesabu ya woga wangu. Nilimlaza mtoto, nikapiga magoti pale kwenye kitanda chake, na nikaianza ile sala. Nilipofika pale pa mapenzi yake nikasimama, kama kawaida. Nikakuona wewe. Nikaona na lile benchi la bluu. Nililia sana, Shangazi, kwa sababu nilijua safari hii nasema nini na nani huenda akaondoka. Kisha nikapita. Nikaenda mpaka amina. Mtoto alikuwa macho muda wote, akasema amina yake, anaitamka vibaya.

Kesho tunakuja kwa basi la kwanza, na barua hii nitakusomea mwenyewe. Kitanda chako ni cha chuma, nakikumbuka, kimechomelewa vibaya upande wa kichwa. Nimembebea kijiko chake. Mwenye jina lako atagonga mara mbili, na mimi nitakuwa nimekushika mkono.

Usihangaike kujibu. Tunajua upo.

Mwanao